Kichwa Kikubwa, Macho Makubwa: Ugomvi wa Katuni na Giza katika Gemu

Agosti 2000, kwenye maonyesho yake ya Space World nchini Japani, kampuni ya Nintendo iliitambulisha mashine yake mpya, GameCube, kwa vipande vya video vya kuonyesha nguvu zake. Kimojawapo kilidumu sekunde chache tu: Link, shujaa wa mfululizo wa The Legend of Zelda, akipambana kwa upanga na hasimu wake wa miaka yote, Ganondorf. Miili ya watu wazima, vyuma vinavyometa, nyuso zilizokunjamana kwa hasira. Haikuwa gemu, yalikuwa majigambo ya mashine. Lakini shabiki akishaona anachokitaka hasikii tena maelezo, na kwa mwaka mzima watu waliingoja gemu ambayo hakuna aliyewaahidi.

Agosti 2001, kwenye maonyesho yaleyale, wakaletewa mtoto. Link huyu alikuwa na kichwa kikubwa, miguu mifupi, na macho yaliyomeza nusu ya uso. Rangi zilikuwa bapa na vivuli vyake vina kingo kali, kwa mbinu ya kompyuta inayoiga katuni zilizochorwa kwa mkono. Kelele zilianza papo hapo, hasa Marekani na Ulaya. Wapo waliocheka, wapo waliojiona wametapeliwa, na wapo waliotangaza kwamba mfululizo umekufa.

Gemu yenyewe, The Wind Waker, ilitoka Japani Desemba 2002 na Marekani Machi 2003. Jarida la Famitsu la Japani, ambalo hadi hapo lilikuwa limetoa alama kamili za 40 kwa 40 kwa gemu tatu tu, likaifanya hii kuwa ya nne. Sokoni hali ilikuwa nyingine. Ocarina of Time, Zelda ya mwaka 1998, ilikuwa imeuza nakala zaidi ya milioni 7; The Wind Waker ikaishia kwenye milioni 4 na ushee. Eiji Aonuma, aliyeiongoza, alikuja kueleza hadharani kwamba Marekani sura ile iliwafanya watu waamini ni gemu ya watoto, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemwendea Shigeru Miyamoto, mbunifu wa Zelda, kumwomba watengeneze Zelda yenye sura ya uhalisia. Mei 2004, kwenye maonyesho ya E3 jijini Los Angeles, Nintendo ikafungulia trela: Link mtu mzima, juu ya farasi, mbele ya jeshi la maadui. Ukumbi ulilipuka kwa vifijo. Miyamoto akapanda jukwaani ameshika upanga na ngao. Gemu hiyo, Twilight Princess, ilitoka Novemba 2006 na kuuza zaidi ya milioni 8.

Kisa hiki kikisimuliwa hivyo, kama kinavyosimuliwa kila mara, kinaonyesha mstari mmoja ulionyooka. Huku katuni, wepesi na utoto. Kule uhalisia, giza na utu uzima. Kila toleo jipya linasogezwa kushoto au kulia, na walioachwa nyuma wanalalama. Kwa maoni yangu mstari huo haupo. Ndani yake yamebanwa mambo matatu yasiyotegemeana: sura ya picha, uzito wa kisa, na kile ninachokiita sheria ya mwili, yaani kinachompata kiumbe ndani ya gemu anapopigwa, anapoanguka, anapokufa. Mashabiki hugombania sura kwa sababu ndiyo inayoonekana kwenye trela. Lakini ukichunguza gemu zilizopotea njia katika kubadili ladha, nyingi zimepotea kwenye hilo la tatu.

Tuanze na kisa, maana hapo ndipo The Wind Waker inapowaumbua waliouona uso tu. Siku Link anapotimiza umri fulani, bibi yake anamvisha nguo za kijani za shujaa wa kale, desturi ya wavulana wote wa kisiwa chao. Siku hiyohiyo ndege mkubwa anamnyakua Aryll, dada yake mdogo. Link anaondoka kumtafuta, na mchezaji akiamua kurudi kijijini katikati ya safari anamkuta bibi kitandani, hajitambui, anaugua kwa sababu wajukuu wote wawili wameondoka. Gemu haikulazimishi urudi. Wengi walimaliza bila kujua kwamba mzee yule alikuwa amelala pale muda wote.

Halafu kuna bahari. Ile buluu ya kupendeza ambayo Link anaisafiria kwa mashua ni maji ya gharika. Chini yake upo ufalme wa Hyrule, nchi ileile ambayo mchezaji wa Ocarina of Time aliihangaikia kuiokoa. Miungu iliizamisha kwa sababu shujaa hakutokea tena alipohitajika. Visiwa ni vilele vya milima ya nchi hiyo. Ganondorf, adui mkuu, anaeleza karibu na mwisho kwamba alizaliwa jangwani, ambako mchana upepo ulichoma na usiku uligandisha, na wakati wote ulileta kifo. Upepo uliopita kwenye mashamba ya Hyrule ulileta kitu kingine, naye akautamani. Ni mzee aliyechoka anayezungumza, hana tena lile cheko la jitu la kutisha watoto. Mfalme wa Hyrule anapopata nafasi ya kuomba lolote, anaomba nchi yake ifutwe na maji, kisha anabaki ndani yake. Ganondorf anakufa kwa upanga uliochomekwa kwenye paji la uso. Aliyeuchomeka ni yuleyule mtoto mwenye macho makubwa.

Sasa itazame Twilight Princess kwa jicho hilohilo. Giza lipo: Link anageuzwa mbwa mwitu, nchi inafunikwa na utusitusi, watoto wa kijiji wanatekwa. Lakini humohumo unapigana mieleka ya sumo na mwenyekiti wa kijiji, unamsaidia jitu la theluji kumpikia mkewe supu, na duka kubwa la mji linaishia mikononi mwa kitoto kinachozungumza kama mfanyabiashara mzee, kikiwa kimelipamba kwa taa na muziki wa dansi. Nikiambiwa nipime kwa huzuni tu, sioni namna ya kuiweka Twilight Princess juu ya ile ya katuni. Bodi ya Marekani inayopanga gemu kwa umri, ESRB, iliipa Twilight Princess alama ya vijana kuanzia miaka 13, ya kwanza kwa Zelda yoyote, huku The Wind Waker ikibaki ya kila mtu. Bodi hiyo huangalia damu, mapigo, lugha, uchi. Bibi anayeugua kwa majonzi hana kisanduku chake kwenye fomu.

Msomaji wa magazeti ya Afrika Mashariki hapaswi kushangazwa na hili. Gado, mchoraji aliyezaliwa Tanzania na kujulikana zaidi kupitia magazeti ya Nairobi, na Masoud Kipanya wa Dar es Salaam, wamechora kwa miongo kadhaa pua kubwa, vitambi na vichwa vilivyovimba, na hakuna aliyewahi kudhani michoro ile ni ya kuwaburudisha watoto wa chekechea. Wanasiasa hukasirishwa na katuni kuliko na tahariri. Ajabu ni kwamba mtu huyohuyo, akishika padi ya gemu, anarudi kwenye imani kwamba kilichochorwa kwa mistari minene ni cha wadogo. Kirby, yule mviringo wa waridi wa Nintendo anayependwa na wenye umri wa miaka minne, mwaka 1997 alimaliza gemu moja akipigana na jicho kubwa jeupe linalorusha damu. Sura ya Kirby haikubadilika hata kidogo.

Hilo la tatu, sheria ya mwili, ni gumu zaidi kuliona kwa sababu halionekani kwenye picha iliyosimama. Mfano safi kuliko yote ni Mortal Kombat ilipoletwa kwenye mashine za nyumbani mwaka 1993. Toleo la Nintendo liligeuza damu kuwa matone ya kijivu, eti jasho. Toleo la Sega liliificha damu nyuma ya mpangilio wa siri wa vitufe, siri ambayo haikudumu hata kidogo. Wapiganaji walikuwa walewale, waigizaji halisi waliorekodiwa na kuingizwa kwenye gemu, na ulingo ulikuwa uleule. Tofauti ilikuwa rangi ya tone na namna mtu anavyomalizwa, na hiyo pekee ilitosha kuzifanya kuwa gemu mbili zenye ladha mbili. La Sega liliuza zaidi. Desemba mwaka huo maseneta wa Marekani walikaa kuijadili pamoja na gemu nyingine, na kutokana na joto lile ESRB ikaanzishwa mwaka 1994.

Mfano wa pili ni wa hila zaidi, na ndio ninaoupenda. Prince of Persia: The Sands of Time, iliyotengenezwa na Ubisoft Montreal mwaka 2003, imejengwa kama hadithi inayosimuliwa na mwana mfalme mwenyewe. Ukianguka shimoni ukafa, sauti yake inaingia: hapana, haikuwa hivyo, ngoja nianze tena. Kifo ni ulimi wa msimulizi kuteleza. Juu ya hapo mchezaji anaweza kurudisha wakati nyuma sekunde kadhaa na kujiokoa. Sheria hiyo ya mwili inaendana na kila kitu kingine: majumba ya mchanga na mwanga laini, mapenzi ya kutaniana kati ya mwana mfalme na Farah. Uso wake ni wa uhalisia kuliko wa Link, lakini ladha yake ni ya ngano.

Mwaka uliofuata ikaja Warrior Within. Mwana mfalme amenyoa huruma, anatukana, anafukuzwa na jitu la hatima liitwalo Dahaka kwa kuwa alichezea wakati na hakufa alipotakiwa kufa. Vichwa vinakatwa, muziki ni wa gitaa zito la bendi ya Godsmack, na alama ya umri ikapanda hadi ya watu wazima. Wazo la kisa ni zuri. Kusema kweli ni zuri kuliko lile la kwanza, maana linamdai mtu bei ya miujiza aliyoifanya. Kilichoharibika ni kwamba msimulizi aliondolewa. Kifo kikawa kifo tu, na upanga ukawa wa kuchinjia, ilhali mwili wa mwana mfalme bado ulikuwa unacheza sarakasi ukutani kana kwamba ngano inaendelea. Jordan Mechner, aliyebuni mfululizo mwaka 1989 na ambaye hakuhusika na toleo hilo, alisema waziwazi kwamba hakupendezwa na mwelekeo wake wa sanaa wala ukatili wake. Watengenezaji nao waliliona. The Two Thrones ya mwaka 2005 ilimrudisha Farah, ikamrudisha mtu wa kusimulia, na ikamweka mwana mfalme wa giza ndani ya yule wa kwanza kama sauti ya pili inayobishana naye. Ugomvi wa mashabiki ukawa mhusika.

Kwa nini yote haya yalitokea katika kipindi kimoja? Oktoba 2001 ilitoka Grand Theft Auto III, na ndani ya muda mfupi kila mwenye kampuni alitaka mji ulio wazi, bunduki na hasira. Wachezaji waliokuwa watoto wakati wa mashine za kwanza za Nintendo walikuwa sasa na mishahara. PlayStation 2 ilijiuza kama kifaa cha sebuleni kwa watu wazima, huku GameCube ikija na rangi ya zambarau na mpini wa kubebea. Katika hali hiyo, kuwa na uso wa katuni kulihesabiwa kuwa udhaifu wa kibiashara. Sega ilifikia hatua ya kumpa bunduki kalunguyeye wake mweusi, Shadow, mwaka 2005, na matokeo yake ndiyo hadi leo hutolewa mfano watu wakitaka kucheka giza la kulazimisha.

Lakini si kila giza la wakati ule lilikuwa la kuvaa tu. Naughty Dog, studio iliyowahi kumtengeneza Crash Bandicoot, ilitoa Jak and Daxter mwishoni mwa 2001: visiwa vya kijani, mvulana asiyesema neno, na rafiki yake aliyegeuzwa kuwa kinyama chenye mdomo usiofunga. Jak II ya mwaka 2003 inaanza kwa mvulana huyo kukamatwa na kufanyiwa majaribio ya mateso kwa miaka miwili katika mji wa mabomba na moshi. Anapofungua kinywa kwa mara ya kwanza katika mfululizo mzima, ni kutishia kuua. Anaiba magari yanayoelea, anabeba bunduki, na akijazwa na nguvu ya giza anageuka kiumbe cha kucha. Wengi waliichukia kwa kuwaibia visiwa vyao. Mimi naiona imefanikiwa pale ambapo Warrior Within ilishindwa, kwa sababu mbili. Giza lina chanzo ambacho mchezaji amekiona kwa macho, na Daxter, kile kinyama, amebaki na mwili wake wa katuni, anabamizwa na kunyanyuka huku akitania, kwa hiyo kuna kitu cha kupimia umbali ambao Jak amesogea. Kuendesha magari katika vichochoro vile vyembamba ni adha, hilo sitalitetea.

Mfululizo wenyewe uliowasha moto ule ulikuja kujikuta kwenye mtego huohuo. Grand Theft Auto: San Andreas ya mwaka 2004 ni katuni iliyovaa nguo za uhalisia: CJ, mhusika mkuu, akila baga kupita kiasi ananenepa, akienda kunyanyua vyuma anajaa misuli, na katikati ya kisa cha magenge, ndugu na msiba anaiba mtambo wa kuruka wa mgongoni kutoka kambi ya jeshi. Hapa Afrika Mashariki wengi tuliijua kwenye vibanda vya gemu vyenye PS2 na padi zilizochakaa, na wachache walijali misheni. Watu walikuwa wanabonyeza mpangilio wa siri ili kifaru cha kijeshi kidondoke barabarani, basi. Gemu iliruhusu hayo bila kuona haya, kwa sababu hakuna kitu ndani yake kilichodai kuwa na uzito kuliko kifaru hicho.

Grand Theft Auto IV, Aprili 2008, ilidai. Niko Bellic ni askari wa zamani kutoka nchi za Balkani, anafika mji ulioigwa kutoka New York akiwa amebeba vita kichwani. Magari yana uzito, yanayumba kwenye kona. Watu wakigongwa wanapepesuka, wanajaribu kujishika, wanaanguka kila mmoja kivyake, kwa mfumo wa kompyuta unaokokotoa mwili wakati uleule badala ya kurudia mwondoko uliorekodiwa. Ndege za kuendesha hazipo na mtambo wa mgongoni haupo. Ilipokewa kwa sifa kubwa na kuuza kwa mamilioni. Tatizo lake liko palepale: Niko analia kwa binamu yake kuhusu watu aliowaua vitani, kisha mchezaji anampitisha juu ya wapita njia kumi ili awahi miadi ya kucheza bowling na binamu huyohuyo. Kadiri miili ile ilivyoanguka kwa ukweli, ndivyo maneno ya Niko yalivyopungua ukweli. San Andreas ilikuwa na uuaji mwingi vilevile lakini haikupata kesi hii, kwa sababu miili yake ilikuwa ya karatasi na wala haikuficha. Mwaka 2009 nyongeza iitwayo The Ballad of Gay Tony ikarudisha miavuli ya kurukia na vituko, na watu wakapumua.

Saints Row ilikwenda njia ya kinyume. Ilianza mwaka 2006 kama nakala ya GTA yenye magenge ya kununa, na kadiri mpinzani wake alivyozidi kuwa mzito, yenyewe ikazidi kuwa nyepesi, hadi mwaka 2013 kiongozi wa genge alikuwa rais wa Marekani mwenye nguvu za miujiza akipigana na wageni kutoka anga za juu. Baada ya hapo hapakuwa na pa kupanda. Walipojaribu kuanza upya mwaka 2022 kwa ladha ya katikati, haikupokewa vizuri, na studio ya Volition ikafungwa Agosti 2023.

Kuna upande wa ufundi ambao mashabiki huusahau. Mara nyingi sura ya katuni huchaguliwa na wahandisi. Team Fortress 2 ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1999 ikiwa gemu ya askari wa kawaida, mavazi ya mabaka, kila mtu anafanana na mwenzake. Ilipotoka Oktoba 2007, watengenezaji wake, Valve, walikuwa wameibadilisha kabisa: wahusika tisa wenye maumbo yaliyotiwa chumvi, kwa mtindo uliochota kwa wachoraji wa matangazo na majarida wa Marekani wa mwanzoni mwa karne ya 20 kama J. C. Leyendecker. Lengo lilikuwa mchezaji amtambue adui kwa kivuli chake tu, kutoka mbali, ndani ya nusu sekunde. Miguu ilipewa rangi nzito na kifua rangi nyepesi ili jicho lipande lenyewe hadi kwenye silaha. Na huko ndani watu hulipuka vipandevipande, vidole na mbavu vikiruka. Ni mojawapo ya gemu zenye miili inayosambaratika vibaya kuliko zote, na hakuna anayeiita ya giza. Borderlands nayo ilioneshwa kwanza ikiwa na sura ya uhalisia wa kahawia, kisha mwaka 2009, miezi michache kabla ya kutoka, ikapakwa mistari myeusi ya vitabu vya katuni. Ingetoka ilivyokuwa, nadhani leo tusingeitaja.

Halafu uhalisia huzeeka vibaya. Uso unaokaribia wa binadamu bila kufika humtia mtu kinyaa kuliko uso usiojaribu. Mtaalamu wa roboti wa Kijapani, Masahiro Mori, aliliandika hilo mwaka 1970, kabla gemu hazijawa na nyuso. Kila baada ya miaka mitano kipimo cha "kufika" kinasogea. Ukiziwasha leo Zelda zile mbili, ya mwaka 2002 bado inavutia kana kwamba ni ya juzi, na ile ya 2006, iliyoshangiliwa ukumbi mzima, inaonekana ya wakati wake: kahawia, ukungu, ngozi za nta.

Je, basi shabiki anayelilia giza anakosea siku zote? Hapana, na Diablo ndiyo ushahidi. Blizzard walipoonyesha Diablo III jijini Paris mwezi Juni 2008, mashabiki walianzisha ombi la kutaka rangi zipunguzwe. Waliona nyasi za kijani na upinde wa mvua mahali walipozoea kuona makaburi. Wakachekwa. Lakini katika Diablo ya kwanza, ya mwaka 1996, giza lilikuwa na kazi. Mwanga ulimzunguka mhusika kwa duara dogo, na ulichokisikia kikipumua nje ya duara hilo ndicho kilichokuogopesha. Kuondoa giza kulikuwa kubadili namna ya kucheza. Hoja ya Blizzard nayo ilikuwa ya kweli: majini wa kijivu kwenye sakafu ya kijivu, kumi na tano kwa wakati mmoja, hawaonekani. Pande zote mbili zilikuwa zinazungumzia mchezo huku zikidhani zinazungumzia rangi. Gemu ilitoka Mei 2012, ikiwa na hatua ya siri iliyojaa mawingu ya waridi, maua yanayotabasamu na farasi wa pembe moja ambao ukiwapiga wanatoka damu. Jibu la Blizzard kwa waliosaini lile ombi. Diablo IV ya mwaka 2023 ilirudi kwenye matope na mishumaa.

Nikitafuta mahali ambapo mambo yote matatu yamepatana, narudi kwenye Zelda, lakini ile ya Machi 2017, Breath of the Wild. Kisa chake ni cha kushindwa: Link ameamka baada ya kulala miaka 100, wenzake wanne waliopigana pamoja naye wamekufa, nchi ni magofu. Sura si ya katuni ya mwaka 2002 wala si ya uhalisia wa 2006. Mistari ni laini, rangi ni za maji, nyuso zina hisia za mtu mzima. Na sheria ya mwili imewekwa wazi tangu dakika za mwanzo. Mti ukikatwa kwa shoka unaanguka gogo, gogo likipigwa mara moja linageuka ghafla kuwa kuni zilizofungwa tayari. Adui akifa anayeyuka kuwa moshi na kuacha meno na pembe. Vyakula vikitupwa sufuriani vinarukaruka kwa wimbo. Hakuna anayelalamika kwamba mambo haya yanaivunja huzuni ya magofu, kwa sababu mkono uleule uliochora magofu ndio uliochora kuni. Imeuza zaidi ya milioni 30, waliotaka mtoto na waliotaka mtu mzima wakiwa foleni moja. Mpe Link huyo vinyweleo na jasho la kweli, na papo hapo mtu atalazimika kueleza anawezaje kusimamisha vita, kula samaki kumi na watano wa kuchoma, na kuendelea kukimbia.